Kobe Aliyepiga Mbinja

Enzi zetu, na najua wenye mvi watanicheka kwa sababu sijatimiza hata miaka thelathini, watoto wa Changamwe tulijulikana kwa namna yetu ya kuzungumza. Nyumba zetu zilikuwa upande wa kuteremkia Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zilipita juu ya mabati karibu kiasi cha kuhesabiwa madirisha. Ndege ikija, mtu alinyamaza katikati ya sentensi. Ikishapita, aliendelea palepale alipoachia, na msikilizaji hakuona ajabu yoyote. Nyanya yangu aliweza kukatisha karipio, akangoja ndege itue, kisha akalimalizia kwa hasira ileile, isiyopungua hata tone. Nilipokwenda chuo kikuu Nairobi ndipo nilipogundua kwamba kuna watu huzungumza moja kwa moja bila kungoja kitu.

Likizo ya Disemba ndiyo iliyokuwa dunia yetu. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana mdako na kibe cha kujificha, alasiri madrasa, tukiingia na vidole vinavyonuka achari ya embe huku maalim akijifanya hasikii harufu. Kati ya hayo yote tulinyonya barafu za ukwaju zilizogandishwa kwenye vifuko vya nailoni, mpaka ulimi ukawa rangi ya kahawa na meno yakakataa kukutana. Nikiwaambia watoto wa siku hizi kwamba tuliweza kucheza mdako kwa vijiwe vitano tangu saa nne mpaka adhuhuri, huniuliza kama betri yake ilikuwa haiishi.

Mimi mama alinipa jina la Wakili, kwa sababu ya maswali. Nilimwuliza maalim kwa nini paka huingia msikitini bila kutawadha. Nilimwuliza mwalimu wa darasa la nne nani alimwambia yeye kwamba dunia ni duara, na huyo aliyemwambia aliambiwa na nani. Nyanya alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu alipozaliwa hakulia. Aliuliza." Nilikuwa na daftari la kurasa themanini ambamo niliandika kila jambo nililoambiwa, na pembeni nikaweka alama: kweli, uongo, au bado.

Mwaka ule, jirani yetu Bi Zuhura alijaaliwa kwenda Hija. Bi Zuhura alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusimamisha watoto wakiwa mbioni. Aliishi peke yake na kobe wa maji aliyeitwa Shaibu, ambaye marehemu mumewe alimwokota zamani kwenye kidimbwi kule Mikindani. Siku hizo hatukujua kwamba mnyama wa pori hafugwi bila kibali. Sisi watoto tulimwona Shaibu alasiri tu, pale Bi Zuhura alipomleta kwenye ukumbi wa mbele akiwa karaini, kichwa nje, macho yamejaa dharau. Uani kwake hapakuingiwa. Uani mlikuwa na mrehani wake, na mrehani ule ulikuwa na historia: kuku wa Mama Mutheu, jirani wa upande wa pili, waliwahi kuuchakura mpaka mizizi. Tangu hapo wanawake hao wawili hawakusalimiana miaka miwili. Wakikutana njiani, mmoja alikohoa na mwenzake akakohoa, yakaisha.

Siku mbili kabla ya safari Bi Zuhura aliniita.

"Wakili!"

"Abee, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo nikukabidhi mtu." Akanionyesha karai. "Huyu ni amana. Unajua amana ni nini?"

"Ni kitu cha mtu."

"Ni kitu cha mtu utakachoulizwa na Mungu. Lakini Mungu ana subira, mimi sina. Nikirudi nataka nimkute anapumua. Sitaki umnenepeshe, sitaki umfundishe kusoma. Apumue tu."

Nilimwuliza maswali kumi na mawili, yote yamo daftarini hadi leo. Ana umri gani? Anaota ndoto? Anamjua mwenyewe, au anamjua yeyote mwenye chakula? Kwa nini wewe huendi naye? Bi Zuhura alijibu matatu, akanifukuza. Nilitoka pale nimelikumbatia karai lile kwa kifua kilichojaa majivuno. Nina miaka kumi tu, na nimekabidhiwa amana ya haji mtarajiwa!

Sasa, msomaji wa Pwani, nakuomba utuelewe kabla hujatuhukumu. Ilikuwa Disemba, joto la kaskazi limeshika, saruji inachoma nyayo. Kwetu mtu akikupenda anakuweka penye kivuli. Mgeni akibisha hodi, kabla hajamaliza salamu ameshavutiwa kiti mahali panapopita upepo na kupewa maji ya baridi. Jua ni la kuanikia nguo na nazi, si la kumweka mtu wa heshima. Kwa hiyo Nyanya alipomwona Shaibu, alishika kiuno.

"Maskini ya Mungu, na gamba lote hilo mgongoni! Hili ni kama kuvaa koti la sufu siku ya leo. Mtieni ndani."

Tukamtia ndani. Tukamweka kwenye saruji yenye giza nyuma ya mlango, ubavuni mwa mtungi, chini ya feni. Maji yake tuliyabadilisha mara tatu kwa siku, kila mara kwa maji ya mtungini. Mchana joto lilipozidi, nilitoa vipande vya barafu kwenye friji nikamtilia karaini, na kimoja nikamwekea juu ya gamba, nikakishikilia kisiteleze. Mjomba Athmani, kaka wa mama aliyekuwa akipakua mizigo bandarini, alirudi kazini amelowa jasho, akasimama mlangoni akitazama. Akasema, "Wallahi, nyumba hii kobe anaishi vizuri kuliko mimi." Na chakula je? Shaibu alipewa tulichokula sisi. Wali. Mahamri. Siku ya Ijumaa akapewa ncha ya sambusa.

Juma la pili alianza maajabu.

Kwanza alitoa viputo. Alikaa juu ya tofali tulilomtilia karaini, na kwenye tundu za pua yake kikatokea kiputo kidogo, kikavimba, kikapasuka, kikaja kingine. Niliandika daftarini: Shaibu anajua kupuliza mapovu. Kweli. Siku tatu baadaye alianza kupiga mbinja. Nisikilizeni vizuri, sizidishi chumvi. Kila alipovuta pumzi ilisikika sauti nyembamba, fiii, kisha kimya, kisha fiii. Nilikimbia nje nikatangaza. Kabla ya adhuhuri watoto wa mtaa mzima walikuwa wamepanga foleni kwenye mlango wetu, na mimi niliwaingiza watano watano kwa sharti la kutocheka kwa sauti. Kijana mmoja aliapa kwamba amesikia wimbo wa taifa.

"Sikilizeni!" nikawaambia. "Sasa atanyoosha shingo. Anaponyoosha shingo anataka kuimba sauti ya juu."

Naye Shaibu akanyoosha shingo, akafungua kinywa, fiii. Wakapiga makofi.

Namkumbuka aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni akiwa na beseni la pumba kiunoni. Ni Mama Mutheu. Alikuwa mwanamke wa Machakos, mumewe akifanya kazi ya kulinda maghala kule uwanja wa ndege, na sebule yake nzima ilikuwa ya vifaranga. Aliwaleta wakiwa wa siku moja, akawalea ndani ya boksi chini ya balbu, akawauza wakiwa wakubwa. Hakucheka. Aliinama, akamtazama Shaibu usoni.

"Huyu haimbi," akasema. "Huyu ako na kifua. Hata vifaranga wakishikwa na baridi wanalia hivi. Si unaona vile macho imefura?"

"Ana," Nyanya akamsahihisha kutoka jikoni. "Ana kifua. Na hana."

"Sawa, mama. Ana, na atakufa nayo."

Nilitazama, na ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama siku tano bila kukiona: macho yamevimba kama ya mtu aliyelia, ute mzito puani, na ule wali wa juzi uko vilevile pembeni ya karai, hajaugusa. Nilijiona mwerevu kwa sababu niliuliza maswali ya watu wakubwa. Kumbe jambo likinifurahisha silihoji hata kidogo.

Nyanya hakukubali ugonjwa wa kuambiwa na mfuga kuku. Kwake tatizo lilikuwa wazi kama mchana. "Mmemkusanyia watoto mia wakamkodolea macho. Hilo ni jicho. Kobe kapigwa jicho." Akaleta chetezo, akatia ubani, akalifunika karai kwa kanga na kumfukiza Shaibu moshi mpaka nyumba yote ikawa kama ya harusi. Nilisimama pale na daftari, nikauliza, "Nyanya, mtu akiwa na kifua, moshi unamsaidia vipi?"

"Nyamaza, Wakili."

Tulipofunua kanga Shaibu alikuwa amepanua kinywa, shingo imenyooka wima, anavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Nikaandika: ubani, uongo. Nyanya akampaka mafuta ya habasoda puani. Uongo. Akamchua koo kwa mafuta ya kuchulia kifua, yale ya kutoa machozi, na Shaibu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumdhuru mtu, akamwuma kidole. Hapo Nyanya alitabasamu akasema nguvu zimerudi.

Hazikurudi. Kesho yake nilimkuta anaelea karaini ameinama upande, ubavu wa kushoto chini, wa kulia juu. Alipiga miguu anyooke, akashindwa, akaanza kuzunguka. Mjomba Athmani alichutama na chai yake.

"Meli ikilala hivi," akasema polepole, "shehena imehamia upande mmoja. Na meli ikilala hivi sisi huteremka."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane Bi Zuhura arudi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikajiuliza kwa nini nalia badala ya kufanya kitu. Nikambeba Shaibu ndani ya kikapu cha sokoni, nikapita uchochoroni bila kumuaga mtu yeyote, nikabisha kwa Mama Mutheu.

Hakuuliza. Aliondoa vifaranga upande mmoja wa boksi, akatia wavu katikati, akatandaza gazeti kavu, akamweka Shaibu chini ya balbu. Akatia pia kisahani cha maji ya uvuguvugu, machache, ya kufika kidevuni tu, na upande wa mbali akaacha kivuli ili akichoka na joto ajisogeze. Stima ilipopotea jioni ile, alichukua jiko la makaa, akalifunika majivu, akaliweka mbali kidogo kwenye mlango wazi ili moshi usimfikie. Alifanya yote bila haraka, kama anayepika ugali.

"Na wewe unajuaje kama atapona?" nikamwuliza.

"Sijui. Lakini najua baridi imeua vifaranga wangu wangapi. Kesho daktari wa mbuzi anapita hapa. Tutamwonyesha."

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, mtu mpole mwenye buti za mpira. Alimtazama Shaibu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi ni wa ng'ombe," akasema. "Kobe tulifundishwa siku moja, na siku hiyo nilikuwa na malaria." Lakini hakuondoka. Alipiga simu kwa mwenzake aliyewahi kutibu kasa, akazungumza naye muda mrefu akiandika kwenye kiganja. Kisha akaniita mimi, si watu wazima, akanieleza. Kobe hawezi kukohoa kama sisi, akasema, kwa hiyo uchafu ukiingia kifuani haupandi, unajaa. Viputo na mbinja ni hewa inayopita kwenye ute. Kinywa wazi na shingo ndefu ni kukosa pumzi. Kuelea upande ni pafu moja kujaa na kuwa zito, hivyo Mjomba Athmani alipatia, na hilo alitukumbusha kila Idi kwa miaka mingi. Damu ya kobe haijipashi moto yenyewe. Inangoja jua. Ukimweka penye baridi, mwili wake unashindwa kupigana.

"Nani alimweka penye baridi?" akauliza.

Nikageuza ukurasa wa daftari.

Nyanya, ambaye alikuwa amefika na kusimama mlangoni bila kuingia, alitoa karatasi kwenye kanga yake. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya rangi mbili, vilivyobaki nilipougua mimi. "Nimehifadhi hivi. Nimpe nusu?"

Daktari alivichukua kwa upole akavitia mfukoni mwake. "Mama, nusu ya dawa ya mtoto inaweza kumwua huyu. Lazima apimwe uzito." Na kwa kuwa mizani yake ilikuwa ya kupimia ndama, tulikwenda dukani. Mwenye duka alitandika gazeti kwenye sahani ya mizani, akamweka Shaibu upande huu, mawe upande ule. Shaibu akajiingiza ndani ya gamba kwa aibu.

"Gramu mia nane," mwenye duka akatangaza, "pamoja na ukaidi."

"Na mimi sukari yangu nilitaka ipimwe kabla ya huyo, si baada yake," akasema mama mmoja kwenye foleni, na mizani ikaoshwa kwa sabuni mbele ya macho yake.

Sindano ilichomwa mguu wa mbele. Nikauliza kwa nini si wa nyuma. Daktari akasema damu ya nyuma hupitia kwenye figo kwanza, dawa inaweza kuziumiza au kupotea njiani. Niliandika: kweli, pengine. Alikuwa mtu mkubwa wa kwanza kunijibu bila kuniambia ninyamaze. Alirudi kila baada ya siku mbili. Mahamri yakapigwa marufuku. Shaibu akapewa dagaa wazima, vipande vidogo vya maini na majani ya mchicha, kwa kuwa wali mtupu hauna cha kumponya macho, na mimi nikapewa sabuni ya kunawia kila nilipomgusa.

Siku ya nne, mbinja ikapungua. Siku ya saba, alifumbua jicho moja akanitazama kwa dharau ya zamani. Nilitaka kumbusu. Siku ya kumi akamnyakua dagaa mkononi mwangu. Lakini bado alielea ameinama kidogo, na daktari akasema asitoke kwenye joto mpaka amalize sindano zote.

Bi Zuhura akarudi siku mbili kabla ya tulivyomtarajia.

Ukumbi wake ulijaa watu. Yeye amekaa katikati, amevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, amekonda, uso unang'aa. Watu wanampa mkono, wanaomba dua, tende zinazunguka kwenye sinia. Nami nimesimama nyuma ya Nyanya. Sikuweza kumrudisha Shaibu. Sikuweza pia kusema hayupo. Ndipo alipoingia Mjomba Athmani, amebeba lile karai la Shaibu kichwani kama mtu aliyeleta biriani.

Ndani mlikuwa na kobe. Mdogo, mweusi zaidi, na mwepesi wa miguu. Nilielewa mara moja: alikuwa amekwenda Mikindani kuvua mwingine.

"Huyu hapa Shaibu wako, Bi Zuhura," akasema Mjomba. "Amekonda kwa kukukumbuka."

Bi Zuhura alimtazama kobe. Akamtazama Mjomba. Akanitafuta mimi.

"Wakili. Ameshindaje amana yangu?"

Nikafungua kinywa. "Bi Zuhura, huyo ni..."

Ndege ikaja. Ukumbi wote ukanyamaza, kama kawaida yetu, tende ikiwa nusu kinywani, mkono ukiwa nusu hewani. Ilikuwa ndege kubwa, ya mizigo, ya kuchelewa kupita. Katika maisha yangu nimepewa nafasi nyingi za kusema uongo, lakini sijapewa tena nafasi ndefu namna ile. Mjomba alinikonyeza. Nyanya alitazama dari. Sentensi yangu ilikuwa wazi kama mlango, na chochote kingeweza kuingia. Huyo ni Shaibu, na ingekwisha. Nilimwona Bi Zuhura ananingoja, mweupe, ametoka kusimama mahali ambapo watu hutubu, na mtu wa kwanza yeye kumwuliza jambo la maana ni mimi. Ndege ikatua.

"...huyo ni mwingine," nikasema. "Shaibu yuko kwa Mama Mutheu. Tulimpa baridi akapata ugonjwa wa kifua. Anapumua, lakini hajapona."

Hakuna aliyetafuna. Bi Zuhura aliinuka, akavaa viatu, akatoka. Sisi sote nyuma yake, ukumbi mzima, kama tunasindikiza harusi. Alikatiza uani, akaupita mrehani wake. Akasimama kwenye mlango wa Mama Mutheu, mlango ambao hakuukanyaga miaka miwili. Kwa mazoea, akakohoa.

Ndani Mama Mutheu akakohoa.

"Hodi," Bi Zuhura akasema.

"Karibu, mama. Angalia usikanyage kifaranga."

Shaibu alikuwa chini ya balbu, miguu yote minne ameinyoosha nje kama mtu aliye ufukweni. Kifaranga mmoja aliyeruka wavu alikuwa amelala juu ya gamba lake. Bi Zuhura alipiga magoti kwenye pumba na nguo yake nyeupe, akamsogeza kifaranga, akamwinua Shaibu, akamweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu. Tulisikiliza pamoja naye, ingawa hatukuwa na cha kusikia.

"Anapumua," akasema. Kisha akageuka. "Nani alimtia kivulini?"

Nyanya alijitokeza, amenyoosha kidevu. "Mimi. Na barafu pia. Ulitaka nimchome kwa jua la Disemba? Mimi sikulelewa hivyo."

"Barafu!" Bi Zuhura akashika kichwa. "Wee mwanamke! Mimi kila siku saa mbili mpaka saa tano namwanika juu ya ukuta wa uani kama samaki wa ng'onda! Huu mwaka wa kumi namwanika!"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Wote wakanigeukia mimi. Maswali kumi na mawili. Nilimwuliza kama kobe huota ndoto, na sikumwuliza mchana hushinda wapi. Bi Zuhura alinitazama, midomo ikamtetema, nikajua sasa nakula kofi la kwanza lililotoka Makka. Badala yake akacheka. Alicheka mpaka kifaranga akaamka. Nyanya akacheka, Mama Mutheu akacheka akishikilia wavu, na Mjomba Athmani akatumia nafasi hiyo kuondoka na lile karai. Kobe wa Mikindani alirudishwa kidimbwini kwake jioni ileile, chini ya ulinzi wangu.

Shaibu alimaliza sindano zake kwa Mama Mutheu, na Bi Zuhura akawa anakwenda huko kila asubuhi na kigoda chake cha kukalia, kumwangalia. Aliendelea na mazoea hayo hata baada ya Shaibu kurudi nyumbani. Kuku waliendelea kuuchakura mrehani. Alikuwa akiwafukuza kwa majina.

Leo mambo ni mepesi zaidi, nasikia. Juzi binamu yangu wa miaka kumi na minne, wa Kiembeni, alinitumia video ya kobe wa rafiki yake akipiga mbinja, na chini yake nyuso za njano zinazolia kwa kucheka. Nilimwandikia: mwambie amtoe chini ya feni, amweke penye joto, ampeleke kwa daktari wa wanyama leo hii. Akanijibu kwamba naharibu mzaha. Baadaye akaniambia wameuliza kwenye kundi la simu na wamepata majibu arobaini, mojawapo kitunguu saumu. Sikumlaumu. Sisi tulipanga foleni mlangoni, wao wanapanga foleni kwenye simu; anayenyoosha shingo ni yuleyule. Nilichomwonea huruma ni kwamba katika wale arobaini, hakuna anayeishi ukuta kwa ukuta naye, mwenye boksi na balbu, atakayefungua mlango bila kuuliza.

Mama Mutheu amerudi Machakos, mumewe amestaafu. Bi Zuhura alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita. Wanawe walikuja wakagawana makabati na mapazia, na kobe hakuna aliyemtaka. Mkubwa wao alinikabidhi kikapu. Alisema mama yake aliacha neno moja tu: mpeni Wakili, yeye sasa anajua.

Kwa hiyo amana iko kwangu, mara hii pamoja na kibali. Nyanya bado yuko, mzee sana, na nikigeuka kidogo humkuta anamsogezea Shaibu kikombe cha maji ya mtungini, kwa mapenzi tu. Kila asubuhi saa mbili namtoa uani, namweka juu ya ukuta, na kivuli namwachia upande mmoja ajichagulie. Kisha namwinua sikioni. Mara nyingi ndege inapita wakati huohuo, basi nangoja, naye anangoja. Ikishatua nasikiliza tena. Hakuna mbinja wala viputo. Hakuna sauti yoyote, na hakuna tena sauti kali ng'ambo ya ukuta, kule kwa Bi Zuhura, ya kuniuliza ameshindaje.

"Anapumua," nasema hata hivyo, kwa nguvu, upande ule.